Noti ya Mia Tatu Haina Pa Kulala

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu, ghorofa ya juu kabisa.
(Karani wa chini asiifungue, inamhusu mkubwa wake.)

Mheshimiwa,

KUH: MTOTO ULIYEMZAA BILA KUMTANDIKIA KITANDA

Pokea salamu zangu kabla ya lawama. Gazetini nilikuona umekonda mashavu, siku ile ulipoizindua noti mpya ya mia tatu, umeishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Nikasema, huyu hali vizuri huyu. Mimi ni mama, Mheshimiwa, siwezi kumlalamikia mtu kabla sijajua kama amekula.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta kosa katika mwandiko liruke, kama unavyoruka dimbwi barabarani. Kazi yangu ni udobi. Nafua na kupiga pasi nguo za watu wa maofisini, na pesa za nchi hii nazijua kutokea ndani ya mifuko yao. Nikikuta noti kwenye suruali huwa nampelekea mwenyewe, naye huipokea haraka na kuitazama pande zote kama nimeipunguza. Lakini tangu ulete hii ya mia tatu, wenyewe wananiambia, kaa nayo tu mama. Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Mtu asiyesamehe kifungo cha shati akisamehe noti, ujue kuna jambo.

Na jambo lenyewe limetua nyumbani kwangu.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, ni keshia katika duka la jumla la Bwana Kufuli. Tunamwita hivyo kwa sababu ya mafungu ya funguo anayovaa shingoni. Akipiga chafya unadhani ng'ombe mwenye kengele kapita. Droo ya pesa ya duka lile ilichongwa na seremala wa mtaani. Ina vyumba vinne: cha elfu, cha mia tano, cha mia mbili na cha mia moja, na mbele kuna kisahani cha sarafu. Cha mia tatu hakuna. Mteja alipoleta ya kwanza, binti yangu aliigeuza huku na huku asijue pa kuiweka. Akiichanganya na mia tano, hesabu itavurugika. Akiichanganya na mia mbili, itaonekana duka limepunjwa. Akaona heri ailaze chini ya trei ya droo, peke yake, mpaka jioni wakati wa kufunga hesabu. Na zilizofuata akazilaza hapohapo.

Bwana Kufuli akainua trei mchana, anatafuta risiti yake. Akazikuta. Mbele ya foleni nzima akasema, "Pesa halali ina chumba chake. Hii ilikuwa uvunguni."

Binti yangu akamwuliza, "Ningeiweka wapi, bosi?"

Mheshimiwa, swali hilo halijajibiwa hadi leo, na ndilo ninalokuletea. Hesabu ilipigwa, haikupungua hata sarafu. Bwana Kufuli akasema haikupungua kwa sababu alimwahi. Yaani mwanangu ni mwizi ambaye hajaiba, amechelewa tu. Akaambiwa arudi nyumbani asubiri kuitwa. Sasa anakaa ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi imekunjwa magotini. Nimeipiga pasi mara mbili ingawa haijavaliwa, maana sijui kitu kingine cha kumfanyia. Nikipita bombani na ndoo yangu, wanawake wanabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kabla ya kuchapisha noti ungewaita maseremala. Mtu akitarajia mgeni hutafuta mkeka kwanza. Wewe umemleta mgeni, ukamwacha mlangoni, na aliyemfungulia ndiye anaitwa mwizi. Wala usiseme kosa ni la droo ya Bwana Kufuli peke yake. Nilikwenda benki na noti moja ili nipate ushahidi. Binti wa dirishani, mzuri, ana kucha ndefu, akaipitisha kwenye mashine ya kuhesabia. Mashine ikaitema. Akaipitisha tena, ikaitema. Akaniambia kwa upole kwamba ni pesa halali kabisa ila mashine yao bado haiitambui. Mheshimiwa, kama nyumbani kwa baba mtoto hatambuliwi, majirani wamwite nani?

2. Ndege. Sijui nani alikushauri kuhusu yule ndege aliyechorwa kwenye noti. Amegeuza shingo anatazama nyuma, na mtaani wanasema pesa inayotazama nyuma haikai mfukoni. Mimi mwenyewe siamini mambo hayo, nami niliwauliza ni ipi iliyowahi kukaa. Lakini wanaamini. Jirani yangu mshona viatu akipewa noti hiyo huigeuza ndege atazame ukutani ndipo aikunje. Shingo ile ingenyooshwa tu, ingekugharimu nini? Hata wino ungepungua.

3. Hesabu ya tatu ni ngumu. Watu wetu wamezoea tano na kumi, vidole vyenyewe vimeumbwa hivyo. Nilipompa muuza mboga mia tatu kwa fungu la mia moja na hamsini, alitazama juu, akatazama chini, akaniambia noti hiyo inamtaka mtu aliyefika sekondari. Akanipa mboga bila malipo, nitalipa siku nyingine kwa pesa ya kawaida. Hebu fikiria, mwanamke yule hamkopeshi hata dada yake wa tumbo moja, lakini aliona heri nimkope kuliko nimlipe.

4. Imekuwa noti ya Mungu na ya wafu. Nenda nyumba yoyote ya ibada uone kapu la sadaka: mia tatu tupu. Anayetaka kuiondoa mkononi humpa Mwenyezi, maana Yeye hawezi kusema hana chenji. Msibani ni vilevile. Jirani yetu alipofiwa na mume alichangiwa kwa ukarimu ambao haujawahi kuonekana mtaa huu, ndege watupu wamegeuza shingo. Alipokwenda kununua sukari akarudishwa. Alilia mara mbili, maskini, na sina hakika mara ya pili alikuwa anamlilia marehemu.

5. Kuna wanaozificha. Mzee aliyestaafu posta, anayepanga chumba cha pembeni, anazipanga katikati ya kurasa za kamusi. Anasema zitakuwa adimu na wajukuu wake watakula. Sasa tazama mwenyewe: aliye nazo hazitumii, anayezitumia anakataliwa, na anayezipokea anafukuzwa kazi. Halafu mtaalamu wako mmoja anasema redioni kwamba wananchi wana mtazamo hasi juu ya noti. Mwambie mimi sina mtazamo. Nina binti.

6. Hili nilitaka kuliruka, ila limeniwasha usiku na mchana. Mtu mmoja ninayemfulia, simtaji, alitaka kibali chake kitoke mapema. Akapenyeza bahasha chini ya faili kama desturi ilivyo. Afisa akaichungulia, akaona ndege, akairudisha. Akamwambia ofisi hii haipokei rushwa. Jamani! Miaka yote hii tumekuwa na semina, mabango, na wimbo wa kukemea rushwa unaoimbwa na watoto waliosimama juani, na hakuna afisa aliyerudisha bahasha. Noti yako imefanya kwa siku moja kazi iliyoishinda kamati nzima.

Jambo hilo la sita ndilo lililonifungua macho, Mheshimiwa, na linanifanya nibadili maombi yangu. Mwanzo nilikusudia kukuomba barua moja tu, yenye mhuri, iseme kwamba noti ya mia tatu ni pesa na binti yangu si mwizi. Hiyo bado naihitaji, na iwe ya kwanza. Bwana Kufuli anaheshimu mihuri kuliko watu.

La pili, nakuomba ufike mwenyewe. Usije na msafara, vaa shati la kawaida, kama halijapigwa pasi nitalipiga. Simama kwenye foleni ya duka lile na mche wako wa sabuni, utoe mia tatu. Bwana Kufuli ataiinua juani kama afanyavyo, ataikwaruza kwa ukucha, ataisikiliza sikioni. Wakati huo utoe kalamu uandike sahihi yako kwenye karatasi, uiweke kando ya ile iliyo kwenye noti. Maana mtu akiikataa noti yako, amekukataa wewe uliyeweka jina. Mama yako akijua kwamba sahihi ya mwanawe inarudishwa hata na wala rushwa, atajisikiaje? Nimemfikiria sana mama yako.

La tatu, na hili nimelipima polepole nikiwa napiga pasi, kazi inayompa mtu nafasi ya kuwaza. Usiifute mia tatu. Zifute nyingine zote. Elfu, mia tano, mia mbili, mia moja, ziondoke. Ibaki ya mia tatu peke yake. Ikibaki peke yake, droo zote nchini zitahitaji chumba kimoja tu, na hakuna keshia atakayeshtakiwa kwa kukosea chumba. Mashine itaijua kwa lazima, maana haitakuwa na nyingine ya kujua. Muuza mboga atajifunza jedwali la tatu, na baada ya mwaka mmoja soko zima litakuwa la wasomi. Mjane atanunua sukari. Kamusi ya mzee wa posta itarudi kuwa kamusi. Na rushwa itakufa siku hiyo hiyo, kwa sababu bahasha zote zitakuwa na ndege, na maafisa wetu, kama tulivyoona, hawapokei ndege. Watalazimika kutoa vibali bure, wapende wasipende. Tena kwa kuwa mishahara yao nayo italipwa kwa mia tatu, wataonja wanachotuonjesha.

Najua washauri wako watasema ni mama wa ufuaji, anajua nini. Waambie noti hii haijakataliwa na mjinga hata mmoja. Imekataliwa na wenye maduka, na mashine, na maafisa. Sisi wajinga ndio tuliokuwa tunaipokea, na ndiyo maana mwanangu yuko nyumbani.

Nisikuchoshe. Msalimie mama yako, umwambie asiwe na wasiwasi, mashavu yatarudi. Msalimie naibu wako, na wale wanaokata kingo za noti zikanyooka namna ile, kazi yao naiheshimu. Mlinzi wa lango mpe salamu zake, maana najua barua hii itapita mkononi mwake. Aliyemchora ndege msalimie pia, simchukii. Kula vizuri.

Ni mimi mwenye kungoja jibu huku pasi iko motoni,

Mama wa Keshia,
Dobi, mlango wa pili ukipita bomba la maji.

NYONGEZA: Mheshimiwa, kabla sijaigundisha bahasha binti yangu ameingia anacheka, na machozi yananitoka ninapoandika, utaona hapa wino umetawanyika. Seremala ameitwa dukani, ameongeza chumba cha tano. Bwana Kufuli mwenyewe amekubali mbele ya foleni ileile kwamba alikosea, kwa sauti ndogo lakini imesikika. Kesho mwanangu anarudi kazini na sare iko tayari. Kwa hiyo ile barua ya mhuri usijisumbue tena, na wala usifunge safari ya kuja, sabuni zenyewe zimepanda bei.

Lipo dogo moja. Siku alizokaa nyumbani Bwana Kufuli amemlipa zote, na amemlipa kwa mia tatu tupu, eti chumba kipya kilikuwa kimeshajaa. Nimemwambia mwanangu azirudishe mara moja kabla duka halijafungwa, aletewe pesa. Akanitazama akaniambia, "Mama, lakini hizi ni pesa." Nikamwambia najua, mwanangu, mimi ndiye niliyemwandikia Gavana. Azirudishe hivyohivyo. Amekwenda, amekataliwa, amerudi nazo.

Kwa hiyo lile ombi la tatu, la kuzifuta noti nyingine, nakusihi kwa jina la mama yako usilifanye kwanza. Na noti zenyewe nimezitia zote humu ndani ya bahasha, nimezinyoosha kwa pasi. Wewe ndiye uliyezitia sahihi. Tafadhali zipokee, unitumie pesa.