Maboksi Arobaini ya Toleo la Kumi na Moja

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025

Joto. Jakaranda imemwaga maua yake yote kwenye ngazi za duka. Nimefagia mwenyewe kabla Papa Clément, meneja wetu, hajafika. Karani wa mkataba wa muda hapotezi kitu kwa kufagia. Mkataba wangu unaisha tarehe 31.

Saa tatu akaniita. Nilidhani ni habari ya mkataba, kumbe ni habari ya michezo ya video. Duka letu linauza televisheni, simu na michezo hiyo. Mwaka jana tuliagiza maboksi sitini ya mchezo wa mpira wa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, toleo la kumi na moja. Arobaini bado yako depo. Wateja walisema ni toleo la kumi lililovalishwa jezi mpya.

Sasa muuzaji wa jumla wa Kasumbalesa ametuletea diski mbili za kujaribu. Ya kwanza: mpira ule ule, toleo la kumi na mbili. Ya pili inatoka kampuni kubwa nyingine, na haina hata mpira ndani. Papa Clément anataka ripoti. Swali lake, neno kwa neno: "Aba bantu bakubwa banaweza leta kintu ya mupya kweli, ao banatubadirishia tu namba?"

Ripoti ikiwa nzuri, atazungumza na mwenye duka juu ya mkataba wangu. Ikiwa mbaya, hakusema. Hakuwa na haja ya kusema.

Nimeogopa. Lakini swali lenyewe limeniingia kichwani na halitoki. Kampuni ina watu elfu, ina kila mashine. Kwa nini itoe kitu kile kile kila mwaka? Wanachoka? Au kitu kipya kimo, ila mimi sikioni?

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Franck wa mauzo amesikia. Amezunguka duka zima akiwaambia wateja kwamba mimi sasa ni waziri wa michezo, wapitie kwa katibu wangu kwanza. Kisha akamwomba Papa Clément naye aandike ripoti yake. Papa Clément amekubali. Amesema ripoti mbili hazigombani.

Ripoti mbili hazigombani, lakini mkataba ni mmoja. Franck naye ni wa muda.

Nina silaha moja. Kabatini kuna faili nene, jalada la kijani, limeandikwa MODÈLES. Ndani yake mna nakala ya kila barua na kila ripoti iliyowahi kutoka katika ofisi hii. Hapa hakuna anayeanza kuandika kutoka hewani. Unatafuta karatasi ya zamani inayofanana na shida yako, unabadilisha tarehe, unabadilisha majina, unapeleka muhuri. Tangu niajiriwe sijatunga sentensi ya kwanza hata moja, na sijakosea hata mara moja.

Bila faili hilo Franck hataweza kuandika kitu. Kwa hiyo leo mchana, alipokwenda kula bukari, ugali wake, nimelificha ndani ya boksi tupu la televisheni. Nimeweka boksi lingine juu yake.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Franck ameulizia faili. Nimesema sijaliona. Nilijibu haraka mno. Amesema basi ataandika kwa kichwa chake. Nimemwonea huruma kidogo. Kwa kichwa chake!

Nimebuni mpango. Nikiulizwa na Papa Clément kama toleo la kumi na mbili ni jipya, nitajibuje? Nikisema ndiyo, nitahitaji ushahidi. Nikisema hapana, vilevile. Jumamosi nitakwenda Kasungami, kwa Mama Germaine. Alisali jumuiya moja na mama yangu. Ana chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Sasa kina televisheni nne, na watu wazima wanalipa ili wafungane mabao. Nitachukua kutoka depo toleo la kumi na moja, nitachukua na la kumi na mbili. Nitafunika namba kwa plasta kila inapotokea kwenye kioo. Wachezaji waniambie lipi ni lipi. Mtu asiyejua jina la kitu hawezi kukisifia jina.

Nimejivunia sentensi hiyo. Nimeiandika mara mbili pembeni.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Kasungami, vumbi mpaka puani. Mama Germaine amenipokea vizuri. Aliniita mutoto ya Lydie mbele ya watu wote, akauliza kwa nini sinenepi na mimi nafanya kazi mjini.

Nimebandika plasta. Merdi, fundi wa kuchomelea vyuma, na Katekista Katongo wamecheza nusu saa kwa kila diski. Kisha nimeuliza. Katekista alisema la pili ndilo jipya, kwa maana kipa amezeeka kidogo usoni, na watu huzeeka kwa kuendelea mbele. La pili lilikuwa la kumi na moja. Merdi alijibu sawasawa. Nilifurahi, nikaandika. Baadaye alikiri kwamba aliona rangi ya diski nilipokuwa nikiiingiza. Nikafuta.

Wamejaribu watu kumi na wawili, hakuna aliyejua. Mmoja alisema nyasi za moja ni ndefu zaidi. Walibishana juu ya nyasi mpaka wakasahau kwamba mimi nipo.

Mama Germaine hakutazama hata kidogo. Miaka sita huketi akiwapa wachezaji mgongo, uso mlangoni, akimenya karanga. Nilimuuliza yeye anaonaje. Alisema hana haja ya kuona, anasikia. Mpira wa mwaka huu na wa mwaka jana una kelele moja: matusi yale yale, dakika zile zile. Kintu ikiwa mupya kweli, alisema, bananyamaza kwanza.

Nikaweka diski ya ile kampuni nyingine. Hakuna adui, hakuna pointi. Mwanamke mmoja anatembea katika nchi iliyofurika maji, anatengeneza nyaya za umeme zilizokatika, na mvua inanyesha. Basi. Merdi alishika manette, kile kidude cha kuchezea. Akaanza mzaha, kwamba huyu mama angekuja kwanza kurekebisha mtaa wetu. Akanyamaza katikati ya mzaha. Ile manette hutetemeka kwa kila tone, na tone la bati si tone la jani. Aliyefuata akanyamaza. Katekista akanyamaza. Chumba kizima kimya, unasikia karanga zikidondoka kwenye beseni.

Halafu karanga nazo zikaacha kudondoka. Mama Germaine alikuwa amegeuka.

"Njo hii," alisema, yaani ndiyo hii iliyo mpya.

Zamu yangu ikafika. Nimeshika. Mvua imeninyeshea mikononi. Nimeangalia viganja, vikavu kabisa, na bado nilihisi nimelowa. Mtu mmoja na kompyuta yake asingeweza kitu hiki. Hii ilihitaji wale watu elfu. Kwa hiyo wakubwa wanaweza! Kwa nini basi hawafanyi kila siku?

Nilimuuliza Mama Germaine. Alisema yeye hupanda mahindi yale yale kila mwaka na watu hula wala hawalalamiki, kwa hiyo kurudia si dhambi. "Ila miye siandikake kwa mufuko kama iko mahindi ya mupya," alisema, akarudi kwenye karanga.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafikiria mvua. Nadhani nimepata jibu. Watu elfu wana woga mara elfu. Kila mmoja ana bosi, kila bosi ana bosi, na wote wanajua kwamba toleo la mwaka jana halikumfukuzisha mtu kazi. Basi wanachukua la mwaka jana na kubadilisha namba. Wanyonge, kwa kweli. Wana kila kitu isipokuwa kifua.

Na mvua je? Nani aliiruhusu? Lazima mahali fulani kuna mkubwa mmoja aliyetia sahihi bila kusoma. Ningependa kumjua mtu huyo.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Siku ya kuandika. Kichwa kimejaa. Nilifungua ukurasa mweupe na kuandika: "Watu wa Kasungami walinyamaza." Nikaisoma. Nikaona baridi. Ripoti gani inaanza hivyo? Kimya kinaingia sehemu ya ngapi? Papa Clément atauliza: kimya cha kilo ngapi?

Nikaifuta. Nikatoa faili la kijani ndani ya boksi. Ripoti ya mwaka jana ipo, ya karani aliyenitangulia. Kurasa nne, sehemu zina namba za Kirumi. Mzigo ukanitoka mabegani. Ukurasa wa kwanza: nimebadilisha tarehe na toleo. Wa pili na wa tatu: nimeingiza jaribio la plasta, na mistari mitatu juu ya mvua, kwa adabu, nikipendekeza maboksi ishirini ya mchezo huo na yasiwepo ya mpira. Ukurasa wa nne ni salamu za heshima za mwisho. Salamu hazizeeki. Nimeupiga fotokopi ulivyo.

Franck naye ameleta yake. Nusu ukurasa, mistari sita, kwa kalamu. Niliichungulia mezani. Anasema alipewa diski ya mvua Ijumaa, akaicheza, akasahau kula. Anasema tuagize kumi, na toleo la kumi na mbili tumwachie muuzaji mwenyewe. Hakuna namba za Kirumi. Hakuna hata neno "heshima". Masikini.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Ushindi. Papa Clément alishika karatasi ya Franck kwa vidole viwili, akauliza kama ni orodha ya sokoni. Kisha akafungua yangu. Uso ukang'aa. Alisema hii njo ripoti, mara moja tu anaiona anaitambua. Hakusoma zaidi. Alikwenda moja kwa moja ukurasa wa nne, akatia sahihi, muhuri juu yake, pa! Ikaenda Kasumbalesa kwa faksi na kwa simu, kwa usalama.

Franck hakununa. Amenishika bega, akaniita petit, mdogo wake, akasema hata hivyo mvua ile ni tamu. Nadhani ni wivu.

Ijumaa, tarehe 17 Oktoba

Gari limefika saa nne. Nilisaidia kushusha, kwa furaha. Boksi la kwanza, mpira. Boksi la pili, mpira. Nilifikiri wamekosea. Maboksi sitini. Toleo la kumi na moja.

Dereva alinionyesha karatasi. Ukurasa wa nne. Juu ya salamu za heshima, mstari mmoja ambao sikuwahi kuusoma: "Kwa hiyo tafadhali tutumieni maboksi sitini (60) ya toleo la kumi na moja." Sahihi. Muhuri. Wino bado mzuri.

Muuzaji amesema yeye husoma ukurasa wenye muhuri tu, na mzigo haurudishwi. Alikuwa nayo ghalani, hayanunuliwi na mtu, akashangaa, akashukuru.

Kwa hiyo tuna mia moja. Franck aliketi juu ya boksi moja akacheka mpaka akashika tumbo. Papa Clément hakucheka. Alifunga mlango wa ofisi polepole. Heri angeubamiza.

Jumatatu, tarehe 20 Oktoba

Imekuja. Demande d'explication. Karatasi moja, inanitaka nijieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Jibu likimridhisha mwenye duka, mkataba unaendelea. Lisipomridhisha, tarehe 31 ni tarehe 31.

Sikula. Papa Clément hanitazami. Naye ametia sahihi, naye anaogopa. Nimeona akitafuta kitu katika faili la kijani, akalifunga nilipoingia.

Mchana Franck alikuja na fanta mbili. Aliniambia kwa upole, sijui kwa nini ananifanyia upole, niandike tu yaliyotokea: watu walinyamaza, mama akageuka, nikaogopa kuandika hivyo, nikanakili. Mistari sita. Alisema mwenye duka ana watoto, atauelewa mchezo wa mvua, labda hata ataagiza. "Andika sawa vile unatuelezeaka siye hapa," alisema. "Siku hiyo ya Kasungami unaielezaka muzuri sana, weye."

Nimeifikiria sana. Ni wazo jipya kabisa. Hakuna aliyewahi kujibu hivyo katika ofisi hii.

Jumanne, tarehe 21 Oktoba

Nimeamka mapema, nimefika dukani wa kwanza. Nimeketi na ukurasa mweupe. Nikaandika: "Watu wa Kasungami walinyamaza." Mvua ikanirudia mikononi. Ilikuwa karibu, karibu sana.

Kisha nikafungua faili la kijani, kutazama tu.

Lipo jibu la Franck mwenyewe, la miaka miwili iliyopita. Naye aliandikiwa demande d'explication, naye alijibu, na mpaka leo yuko kazini. Jibu lililojaribiwa! Kwa nini hakunipa hili? Nashuku anataka nipotee.

Nimelinakili. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimesoma kurasa zote, mara tatu. Nimebadilisha jina. Nimebadilisha tarehe. Katika ukurasa wa pili kuna aya ndefu ya kuomba msamaha kwa kuvunja kioo cha dirisha kwa ngazi. Mimi sijavunja kioo. Nilitaka kuiondoa, kalamu ilikuwa tayari juu yake. Lakini nani ajuaye ni mstari upi uliomwokoa?

Nimekiacha kioo. Papa Clément amelipokea, akalitazama, uso ukang'aa kidogo.