Shahada ya Chakula Iliyoniletea Njaa

Malava, Kakamega
12 Machi 1996

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo,

MINTARAFU: KUBADILISHIWA SHAHADA YA BINTI YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeshiba, maana mimi ninayeandika sijashiba tangu Krismasi.

Mimi ni mkulima wa miwa. Nilimsomesha binti yangu Nekoye kwenu hadi nikauza fahali na kipande cha shamba, naye akarudi na shahada ya sayansi ya lishe. Kwa heshima zote, naomba mniondolee. Sababu ni hizi:

1. Haina jina. Watu wakiuliza binti kasomea nini, nasema chakula. Wanacheka. Ndugu yangu Phanuel alinishika nje ya kanisa: "Miaka yote hiyo kujifunza kula? Kwani hapa nyumbani alikuwa anakulia puani?" Mwanawe alisomea mifugo pale chuo cha Bukura na leo ana pikipiki ya kazi. Ng'ombe akiugua, anaitwa. Mtu akiugua, nani amwite Nekoye?

2. Haina kazi. Wilayani wamemwambia serikali imeacha kuajiri. Hoteli moja mjini ilimkubali, ila aoshe sahani. Basi yuko nyumbani, na mgonjwa wake ni mimi peke yangu.

3. Ugali wangu, uliokuwa mlima, sasa ni ngumi. Chumvi imefichwa. Nikiuliza, naambiwa, "Baba, presha yako." Juzi nilienda kwa jirani kuomba moto, nikala huko kama mwizi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mwalimu Kipruto wa Lugari, kijana anayetaka kumwoa Nekoye, alileta wazee wake tuzungumze mahari. Mke wangu Priscah akachinja jogoo na kukaanga nyama ya mbuzi. Kabla ng'ombe hawajatajwa, Nekoye alimwona mjomba wa kijana akichechemea, akapiga goti kwa adabu: "Mzee, maumivu ya mguu huu yanachochewa na nyama na pombe. Punguza vyote viwili." Mzee akarudisha mfupa kwenye sahani. Wakaaga bila kutaja hata ndama.

Kwa hivyo ichukueni, mnipe ya sheria. Wakili hamnyimi mtu chumvi. Ikiwa sheria imekwisha, nitapokea hata ya udaktari wa meno, kwani mwenye meno mabovu huacha kula kwa hiari yake. Nimeifunga kwa nailoni. Haijachakaa, wala haijatumika.

Wasalimie wahadhiri, makarani, na hasa wapishi wenu, ambao nasikia hawana shahada.

Wako mwenye njaa na heshima,
Protus Khisa

N.B. Ningeichana barua hii, ila stempu nimekwisha kubandika. Jirani yetu Muhonja ana mtoto aliyekuwa amevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu, na ukoo mzima ulishakubaliana kwamba amerogwa. Nekoye alimpeleka zahanati, kisha akawa anampikia uji wa njugu na dagaa wa omena kila asubuhi, mimi nikinung'unikia njugu zangu. Leo mtoto huyo ameingia bomani kwa miguu yake mwenyewe, akawafukuza kuku wangu. Nyuma yake akaja mama mgeni, ametembea kutoka Matete tangu alfajiri, amebeba mtoto wake mgongoni. Akauliza kama hapa ndipo kwa daktari wa chakula. Sikumngoja Nekoye ajibu. Nilimwambia, "Ndipo, mama. Karibu ukae. Mimi ndiye baba yake."