Kuhusu Kuibiwa Kifo Changu cha Duarani

Duka la Sululu na Mabuti,
Kalangalala, Geita.

Kwa Katibu,
Chama cha Waigizaji wa Kanda ya Machimbo.

Ndugu Katibu,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafadhali tafuta kiti, kwa maana ninayokuandikia ni mazito.

Mimi ni Abdulhalim Akida, muuza sululu na mabuti, na pia mtunzi, mwongozaji na mhusika mkuu wa filamu ya Machozi ya Duara, ambayo imeonyeshwa katika kila kibanda cha video kuanzia hapa hadi Ushirombo, mpaka watu wanajua dakika ya kutoa leso. Humo niliigiza Bujiku, mchimbaji aliyefukiwa na duara lake, yaani shimo la dhahabu, akatolewa hai, kisha akafa mikononi mwa mkewe kwa muda wa dakika kumi na moja. Wapo wanaosema dakika hizo ni nyingi. Hao hawajawahi kufa vizuri.

Sasa binti mmoja wa Didia aitwaye Limi amezuka na tamthilia ya vichekesho inayorushwa mtandaoni kila Ijumaa. Ameiita Makohozi ya Duara. Naomba usicheke. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhusika wangu ni Bujiku. Wake ni Bujikubujiku. Binti huyu anadhani ukiiba kitu mara mbili kinakuwa chako.

2. Bujiku alikufa mara moja, kwa heshima. Bujikubujiku anaanza kufa kila Ijumaa na hajawahi kumaliza. Akishalala tu na kukohoa, anaingia mwenyekiti wa kitongoji akitaka saini yake, naye anafumbua macho wabishane mpaka kipindi kinakwisha. Ijumaa iliyofuata akaja fundi wa majeneza kumpima, wakagombana juu ya urefu. Vipindi tisa sasa, mtu anakataa kufa! Mimi nilikufa bila kumsumbua mtu yeyote.

3. Maneno yangu ya mwisho katika filamu ni haya: "Msinililie mimi, ulilieni mwamba ulioniangukia." Niliyatunga kwa wiki mbili, nikiwa sili vizuri. Wa kwake anasema: "Msinililie mimi, ulilieni wali unaoungua."

Madhara yake ni makubwa. Mwezi uliopita nilikwenda Ushirombo kumzika binamu yangu. Nikasimama kutoa rambirambi, nikasema kwa sauti nzito, "Ndugu wafiwa, msimlilie..." Sikufika mbali. Mtu mmoja wa nyuma akamalizia, "Ulilieni wali!" Msiba mzima ukaangua kicheko. Mjane mwenyewe alijifunika khanga, mabega yakimtikisika, na hakuwa akilia. Baadaye alinishika mkono akaniambia, "Ahsante shemeji. Tangu juzi nilikuwa sijavuta pumzi." Nimelihesabu hilo kuwa tusi.

4. Kikohozi cha Bujiku. Nilikipeleka kwa wakili, yaani nilikohoa mbele yake, nikamwambia hicho ndicho kilichoibiwa. Akasema, "Mzee Akida, kisa cha mchimbaji aliyefukiwa hakina mwenyewe. Picha zako, muziki wako na maneno uliyoyaandika, hivyo ndivyo vyako. Huyu binti amechukua kipande chochote cha filamu yako akakibandika kwake?" Nikamjibu hapana, ila kila anayemwona Bujikubujiku ananikumbuka mimi. Akasema mzaha lazima umkumbushe mtu kitu, la sivyo atacheka nini. Swali ni kachukua kiasi gani, na kakigeuza vipi. Kisha akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Nimetambua kwamba wakili huyo naye ni mtazamaji.

5. Nilimpigia simu Limi mwenyewe. Nilijiandaa kwa ukali, lakini akaniwahi: "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, na ukali ukapungua nusu. Akasema, "Ukiona tumekunakili, niambie ni dakika ipi, nitaikata." Nimeangalia vipindi vyote tisa, mara tatu tatu, nikiitafuta dakika hiyo. Mke wangu Safiya anawaambia majirani kwamba nilikuwa nacheka. Nilikuwa nakagua.

Kutokana na hayo, naomba chama chako kiamue yafuatayo. Tamthilia isimamishwe. Ikishindikana kusimamishwa, basi iruhusiwe kwa watazamaji watakaoitazama kwa huzuni. Mkazi yeyote wa mkoa huu asikohoe zaidi ya mara tatu mfululizo bila ruhusa yangu, isipokuwa wagonjwa wenye cheti. Na kwa kuwa ni mimi niliyewafundisha watu wa huku namna ya kufa duarani, asife mtu yeyote duarani, kwenye filamu au hata nje ya filamu, bila idhini yangu ya maandishi. Kifo hicho ni mali yangu.

Wasalimie wajumbe wote, wakiwemo wale wawili waliolala siku ya uzinduzi wa filamu yangu, nimewasamehe. Safiya anakusalimu sana, ingawa hajui nimekuandikia.

Wako katika majonzi ya sanaa,
Abdulhalim Akida

Tanbihi. Nilikuwa nafunga bahasha alipoingia dukani mama yake Limi. Anaitwa Paskalia. Sikuwa namfahamu, ila mumewe nilimfahamu: Maduhu, mteja wangu, aliyefukiwa miaka saba iliyopita. Habari zake nilizisikia hapahapa kaunta, nikazifanya filamu. Nilimpa soda, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja, ila hakuja kunywa.

Akasema, "Mzee Akida, umemliza mume wangu saa tatu nzima, na Maduhu hakuwa mtu wa kulia. Siku walipomtoa alinitania njia yote mpaka hospitali. Limi alikuwepo, alisikia. Baba yake alikuwa vile anavyomwonyesha yeye. Nasikia unadai hakuomba ruhusa. Wewe ulimwomba nani?"

Ndugu Katibu, usimfungie binti. Ila kama unajua fomu ya kumwomba ruhusa mjane, baada ya filamu kuonyeshwa miaka sita, inatolewa dirisha lipi, nitumie upesi. Bado amekaa hapa kwenye stuli, ananitazama nikiandika.