Bomba la Akiba na Usingizi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Tangi linakoroma tena. Si samaki, ni bomba. Maji yakijaa humwagikia kwenye kisanduku cha pembeni, hushuka kwa bomba hadi tangi dogo lililo kabatini chini, kisha pampu huyarudisha juu. Mzunguko mzuri, usio na mwisho. Ila yakishuka yanameza hewa, na bomba linafyonza kama mtu anayekunywa chai ya moto kwenye kisahani.

Mama mkwe anafika kesho. Atalala chumba kinachopakana na sebule. Mke wangu ametangaza huku akitandika kitanda cha mgeni: ama kelele ziishe, ama tangi lihamie kwa kaka yake. Na tone moja tu la maji likigusa sakafu yake, hukumu ni hiyo hiyo. Hajasahau zulia lililolowa mwaka jana.

Shemeji anauza magodoro. Hajui lolote kuhusu samaki. Lakini juzi nilimkuta akilipima tangi langu kwa futi kamba! Alidai anapima kochi. Mheshimiwa, samaki wangu mkubwa wa rangi ya chungwa, alimgeuzia mgongo. Samaki ana akili kuliko watu wengi.

Simtoi Mheshimiwa. Nimemlea tangu akiwa na ukubwa wa kidole gumba.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia simu aliyeniuzia tangi. Kasema bomba linaloshusha maji lina koki. Niifunge kidogo, ningoje, niangalie, niifunge kidogo tena, hadi bomba lijae maji matupu bila hewa. Kando yake kuna bomba la pili, hilo ni la akiba. Litabaki kavu au litapitisha maji kidogo tu, lakini siku lile la kwanza likiziba, ndilo litakaloniokoa. Nisiliguse kamwe.

Ushauri mzuri, kwa mtu asiye na shughuli. Funga, ngoja, funga, ngoja. Na mama mkwe yuko njiani!

Nikafunga koki nusu kwa mkupuo mmoja. Maji yakapanda kisandukuni kwa hasira. Nikafungua haraka. Mkoromo ukarudi. Nikagundua mkosaji mwingine: kitana cha plastiki kilichopo mdomoni mwa kisanduku ili konokono wa tangini wasiingie. Maji yakipita kwenye meno yake yanachakarisha. Nikaking'oa. Kelele zilipungua kidogo, au masikio yalichoka.

Mama mkwe nilimpokea kwa redio ya sauti ya juu ili asisikie bomba. Aliuliza kama kuna harusi.

Jumatano, 11 Juni

Mke wangu kaamka amenuna. Anasema mama yake hakulala kwa sababu ya tangi. Nilimuuliza kama mama mwenyewe amesema hivyo. Akajibu kwamba mama ni mtu wa heshima, hawezi kusema.

Nikafunga koki tena, taratibu kiasi cha kuhesabu hadi kumi. Mkoromo ukaisha! Lakini maji yaliyozidi yakaanza kutiririka kwenye bomba la akiba, chururu, chururu, kama bomba la bafuni lililoachwa wazi. Nikalitazama bomba hilo vizuri. Tangu ninunue tangi halijafanya kazi hata siku moja. Limesimama tu, linasubiri mwenzake aharibike. Kama shemeji kabisa.

Nikachukua sifongo jikoni, nikalikunja, nikalisokomeza humo. Koki nikaifungua kidogo tu, kiasi cha unene wa uzi.

Kimya! Kimya kitupu! Nilimsikia Mheshimiwa akitafuna. Nikamwita mke wangu. Alisikiliza, akaniongezea chai bila kuombwa, kisha akampigia kaka yake kumwambia asahau habari ya tangi. Nilimwomba aweke sauti ya nje ili nisikie shemeji akimeza mate. Nikasikia. Akili ni mali.

Alhamisi, 12 Juni

Mama mkwe hakupata hata lepe la usingizi. Kasema mwenyewe, mezani, kwa upole wake wote. Nyumba imenyamaza kama imefiwa. Juzi alilala fofofo, kwa sababu ile sauti ya ukutani ni mkoromo wa marehemu baba mkwe, haina tofauti. Alijihisi yuko kwake. Sasa anaomba, kama si usumbufu, nimrudishie.

Mke wangu alinitazama. Mimi nilitazama kikombe.

Kumrudishia ni kuchomoa sifongo na kufungua koki tu. Lakini mtu hawezi kubomoa ushindi wake kwa sababu ya usingizi wa mtu mmoja. Nikamwambia mitambo ya aina hii haichezewi ovyo, nitaangalia Jumapili. Akashukuru. Moyo uliniuma kidogo, kisha nikasikiliza kile kimya changu, ukapoa.

Jumamosi, 14 Juni

Balaa!

Shemeji alikuja kumsalimu mama yake. Baada ya chakula mama mkwe akapumzika kwenye kochi, sisi tukawa barazani. Kumbe konokono mmoja, kwa kuwa hakuna kitana cha kumzuia, kaingia kisandukuni, kashuka hadi mdomo wa bomba, kaziba kama kizibo. Pampu ikaendelea kupandisha maji, maana yenyewe haina habari. Maji hayana pa kushukia. Bomba la akiba lina sifongo.

Mama mkwe aliamka akiona ndara yake moja inaelea kuelekea jikoni. Hakupiga kelele. Aliinua miguu tu, akaniita.

Shemeji alitumbukiza mkono hadi kwapani. Akamtoa konokono. Kisha akatoa sifongo, akalishika kwa vidole viwili, akalizungusha kila mtu alione. Mke wangu alilitambua. Amekuwa akilitafuta tangu Jumatano.

Shemeji akasema maji yakimwagika hayazoleki. Mwongo! Niliyazoa mwenyewe, ndoo kwa ndoo, hadi jua likazama.

Jumapili, 15 Juni

Wamelibeba tangi. Mheshimiwa kaondoka ndani ya ndoo, na shemeji kaikumbatia ndoo kifuani. Ukutani pamebaki alama ya mraba. Nimesimama hapo muda mrefu. Ninasikitika, sitaficha.

Mama mkwe naye kafunga mkoba. Anahamia kwa mwanawe. Kasikia kwamba huko tangi litakoroma. Mke wangu hanisemeshi, na nyumba ni kimya kweli kweli. Kimya nilichokitafuta. Sikipendi.

Jumanne, 17 Juni

Habari njema!

Mke wa shemeji kanipigia kwa siri. Tangi limefungwa sebuleni kwao, linakoroma usiku kucha. Mama mkwe analala kama mtoto mchanga, lakini yeye hajafumba jicho. Mumewe amemkataza kuligusa. Mke huyo amesikia kwamba mimi niliwahi kulinyamazisha kabisa. Je, ni kweli?

Nikamwambia ni kweli tupu. Aliponiuliza kuhusu mafuriko, nikamwambia ni konokono. Akasema nikilinyamazisha, atahakikisha Mheshimiwa anarudi kwangu.

Kesho shemeji akiwa dukani nitapita. Sifongo nimelikausha juani. Safari hii nitalisukuma ndani zaidi, lisionekane.