Kampeni ya Lishe na Mizani Yangu ya Pamba

Januarius Salu,
Wakala wa Ununuzi wa Pamba,
Kasoli, Wilaya ya Bariadi.
Julai 1996

Kwa Katibu,
Kamati ya Lishe na Mazoezi ya Kijiji.

Ndugu Katibu,

YAH: KUVUNJIWA HESHIMA, CHAKULA NA MIZANI

Natumaini hujambo, na kwamba mguu ulioteguka kwenye mbio za uzinduzi umepona. Nakuandikia nikiwa na masikitiko, ila bila hasira, kwa sababu Nesi Felisita wa zahanati yetu ametufundisha kwamba hasira hupandisha presha, na yangu aliikuta imeshapanda.

Mimi sipingi afya. Ninachopinga ni namna kampeni yenu ya "Kula Vizuri, Tembea Sana" inavyoturudisha nyuma wakati nchi nzima inakimbilia soko huria. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitambi. Pamba ilipokuwa inanunuliwa na ushirika peke yake, nilikuwa mwembamba kama kila mtu. Biashara ilipofunguliwa na makampuni binafsi yakaingia, nilipata uwakala, na kitambi kikafuata kwa utaratibu wake. Kitambi hiki ni dhamana. Mkulima akikiona, anajua kampuni haijafilisika. Nesi Felisita amekipima kwa utepe wa fundi cherehani mbele ya mkutano wa hadhara, akasema, "Baba Gloria, huu si utajiri. Ni ugonjwa uko njiani." Watu wakacheka. Nauliza: wakala aliyekonda ataaminiwa na nani?

2. Chakula. Mke wangu Milembe hakosi somo la lishe hata moja. Kikaango chetu sasa kinatumika kunyweshea kuku maji. Mezani ni ugali wa mtama, mlenda, majani ya kunde yaliyokaushwa, na dagaa wa Lamadi wa kuchemsha. Ndugu Katibu, chakula hiki nakifahamu. Ndicho tulichokula miaka ile maduka yalipokuwa matupu, na tulikiita shida. Leo duka la Hilali limejaa soda, biskuti na siagi za makopo, nasi tunapewa chakula kilekile tukiambiwa ni lishe bora. Nilipomuuliza Milembe tumepungukiwa nini, alijibu, "Hatujapungukiwa kitu, mume wangu. Nataka uzeeke." Jibu hilo halihusiani na swali langu.

3. Mazoezi. Mtaalamu wenu kutoka mjini alishuka garini akawaambia akina mama waliotoka kuchuma pamba tangu alfajiri kwamba hawajishughulishi vya kutosha. Akawarushisha mikono juu pale uwanjani. Mama Nyamizi, ambaye ni mwenye mwili wake, alimuuliza kwa heshima, "Baba, na jembe je, lihesabiwe, au hilo si zoezi?" Mtaalamu akaahidi kulifikisha suala ngazi za juu, akapanda gari kurudi nyumba ya wageni, ambayo ukisimama hapo uwanjani unaiona. Hili silisemi kwa faida yangu. Naliweka ili mjue kwamba natetea wananchi.

4. Mizani. Hapa ndipo penye kidonda. Siku ya kupima uzito, foleni kwenye mizani ya zahanati ilikuwa ndefu, na ghala langu limetazamana na zahanati. Mkaja kuniazima mizani ya pamba. Kwa moyo wa kujitolea nikakubali, jambo ambalo baba yangu marehemu angenikataza. Mkafunga gunia kwenye ndoana, watu wakawa wanaingia mmojammoja na kuning'inia.

Mama Nyamizi alikuwa ameshapimwa zahanati. Kwa utani tu akaingia kwenye gunia langu pia. Mizani yangu ikasoma kwamba amepungua, tena si kidogo. Alipiga vigelegele vilivyosikika hadi kwenye mnada wa ng'ombe. Wanawake wote wakahama foleni ya zahanati wakaja kwangu. Kila aliyening'inia alishuka akiwa mwepesi. Nesi Felisita alisimama barabarani akitazama, akasema, "Ajabu. Huku watu wanakonda bila hata kutembea."

Nami nikafurahi, Ndugu Katibu. Nikadhani ni sifa. Ndipo Mzee Selestini, mkulima aliyeniuzia pamba tangu nianze kazi, aliponisogelea akiwa amevua kofia. Akasema taratibu, "Ng'wana Salu, kama mtu mzima anapungua hivi kwa kuning'inia kidogo, pamba yangu ya msimu mzima imepungua kiasi gani?"

Watu wakaigeukia mizani. Mama Nyamizi, aliyekuwa amerudi ndani ya gunia mara ya pili, akaomba ateremshwe.

5. Matokeo. Tangu siku hiyo wakulima wanapita mbele ya ghala langu na magunia kichwani. Wananiamkia vizuri, "Mwadila," nami naitikia, halafu wanaendelea hadi kwa mnunuzi wa kijiji cha pili. Mnasema kampeni imefanikiwa kwa kuwa watu wanatembea sana. Nataka ijulikane wanamtembelea nani.

Nimewaeleza kisayansi. Pamba ikitoka shambani hadi ghalani inatembea. Nyinyi wenyewe mmefundisha kwamba kinachotembea hupungua uzito. Kwa hiyo mizani yangu haina kosa. Inafuata mafundisho yenu, tena iliyaanza kabla yenu. Wameyasikiliza maelezo haya kwa adabu na kuendelea na safari.

Kwa hiyo naomba kampeni isimamishwe mpaka msimu wa pamba uishe. Naomba pia kamati itangaze kwenye mkutano wa kijiji, na makanisani, kwamba mizani ya Januarius ni ya pamba tu na haijui kusoma nyama. Mwisho, Milembe aagizwe kurudisha kikaango.

Niishie hapo nisije nikakuchosha. Wasalimie wanakamati wote, mama watoto, na wanakwaya waliotunga wimbo wa mlenda. Ukimwona Mzee Selestini msalimie pia, maana kwangu hasimami tena.

Wako katika ujenzi wa taifa, mwili mzima,

Januarius Salu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha hii, mwanangu Gloria alishikwa na homa kali. Tulimkimbiza zahanati. Nesi Felisita akasema dawa hutolewa kwa uzito wa mtoto, ikizidi ni sumu, ikipungua haiponyi, na mizani yao ilikuwa imepelekwa kijiji cha pili kwenye kampeni. Milembe akanigeukia. "Baba Gloria, mizani si ile pale ng'ambo?" Kwenye benchi walikuwepo wakulima wakisubiri dawa, na wote walikuwa wakinitazama.

Niliikimbilia baiskeli. Ilikuwa na pancha. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama yake nikakimbia kwa miguu hadi kijiji cha pili, kitambi na yote, nikihema kama fahali wa kulima. Wenzake Felisita walimpima huko kwenye mizani yao, wakampa dawa.

Gloria ameamka leo akiomba uji. Mizani yangu sijaigusa tangu jana. Naomba mje muichukue.