Nimelala Kama Nilivyoandikiwa

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Mazoezi ya Viungo

Ndugu Mkuu,

Kwa heshima zote, na kwa tumbo linalonitangulia kila niendako, nalalamikia tiba yenu.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa mtoto wa miezi minne. Nimepunguza viuno vya mtaa mzima, changu kimenishinda. Mtaalamu wenu, binti mpole sana, alinipima akasema misuli ya tumbo iliachana nilipokuwa mjamzito, nafasi ya vidole vitatu. Akanipa karatasi: zoezi lifanyike mara tatu kwa siku, ukiwa umelala. Nami ni mtu wa kufuata maelekezo. Nimelala.

1. Wiki sita sasa nalala asubuhi, mchana na jioni, sijakosa hata siku moja. Vidole bado vitatu! Juzi dukani mzee mmoja alinipisha kwenye foleni, akanitakia nijifungue salama, na mtoto nimembeba mgongoni. Nikamshukuru. Ningefanyaje? Foleni ilikuwa ndefu.

2. Nilimweka mume wangu kando ya kitanda aangalie kama tumbo linajikaza lenyewe. Anasema kinachofanya kazi ni pua tu.

3. Mama mkwe, anayenishikia mtoto nikiwa kwenye tiba, ameanza kuguna. Ameisoma karatasi mara mbili, akavaa miwani akaisoma ya tatu. Jumapili anarudi kwake. Jamani, tiba yangu yote inamtegemea yeye!

4. Wateja wamekuja juu. Nguo zao nazo zimelala.

Kwa hiyo naomba mmwandikie mama mkwe barua yenye mhuri, kwamba kulala kwangu si uvivu bali ni matibabu, na kwamba dozi iendelee hadi mtoto aanze shule. Ikibidi semeni vidole ni vinne, sitabisha.

Nisalimieni wauguzi wote, na mlinzi wa getini aliyenikimbilia na kiti cha magurudumu akidhani nimeshikwa na uchungu.

Wenu mtiifu,
Mama wa Vidole Vitatu

N.B. Binti wenu asilaumiwe. Siku ileile aliyonipima, alilala chali mkekani akanionyesha: kunja magoti, pumua, vuta kitovu ndani. Nilielewa vizuri kabisa. Ila tangu nijifungue nilikuwa sijalala hata saa moja mfululizo, na ile karatasi ndiyo kitu cha kwanza kilichoniambia nilale. Alhamisi nakuja, na zoezi nitalifanya. Nikisinzia hapo mkekani, tafadhali, msiniamshe upesi.