Mimi, Unga wa Ngano na Mzimu wa Bweni

Jamani, aibu ya leo haina mfano. Shule nzima imenisikia. Kwa spika!

Wengi wenu mnajua nafundisha hesabu katika shule ya wasichana huku Timau. Mnajua pia napenda sana mambo ya uchunguzi wa mizimu. Si kuabudu, ni kuchunguza! (Pasta, kama unasoma hii, tulishaongea.) Tangu karne ya kumi na tisa kuna wasomi waliounda vyama vya kuchunguza watu wanaodai kuongea na wafu, nyumba zinazogonga zenyewe usiku, na watu wanaosema wanaweza kusoma mawazo ya wengine. Wako waliodanganywa wazi wazi. Wako waliowakamata matapeli mchana kweupe. Lakini walituachia kitu kizuri: utaratibu. Usikimbilie kuamini, usikimbilie kukataa. Pima kwanza.

Sasa, bweni letu moja lina chumba cha kuwekea masanduku. Wiki hii wasichana walianza kusikia kitu kikipumua mle ndani. Hakigongi, hakitembei. Kinapumua! Hhhhhh. Hhhhhh. Wakabeba magodoro wakahamia jumba la chakula, na baridi ya Timau mnaijua. Nusu yao sasa wanakohoa. Wazazi wamesikia, na wameapa kuja kesho kuwachukua mabinti wao, na mitihani inaanza Jumatatu.

Leo asubuhi Madam Kananu, ambaye ni deputi wetu, msaidizi wa mwalimu mkuu, alinivuta kando.

"Mwalimu, si wewe ndiye husoma hizo vitu za mapepo?"

"Si mapepo, Madam. Ni utafiti."

"Sawa, utafiti. Ingia huko uimalize. Nataka hawa watoto walale kwa vitanda leo."

Nilifurahi namna gani! Miaka yote nimekuwa nikisoma tu, na leo nimepewa chumba changu mwenyewe, chenye sauti yake mwenyewe!

Baada ya chakula cha mchana wasichana wakakusanyika paredi, pale uwanjani. Nikawaeleza polepole, maana mtoto akielewa jambo hofu yake hupungua. Nikawaonyesha vifaa. Unga wa ngano, wa kunyunyiza sakafuni, ili chochote kikipita kiache nyayo. Uzi wa kushonea, wa kufunga mlangoni, ili mtu akiingia kutuchezea tujue. Na simu yangu, ya kurekodi. Nikawafundisha pia kanuni ninayoipenda kuliko zote: ukirekodi, kila sauti unayoitoa wewe mwenyewe uitangaze papo hapo, usije baadaye ukadhani kikohozi chako ni cha marehemu.

Makena, kiranja wa bweni, akainua mkono. "Na ikikushika, mwalimu?"

"Haiwezi kunishika, Makena. Ni sauti tu. Na kila sauti ina mahali inapotoka."

Wakanipigia makofi. (Nayakumbuka yale makofi.)

Mlango wa chumba kile uko nyuma ya bweni, kwa hiyo hakuna aliyeniona nikiingia. Nikafunga uzi, nikanyunyiza unga, nikaukanyaga polepole hadi kwenye sanduku, nikakaa juu yake, nikaanza kurekodi. Nilikuwa na raha kama mtoto siku ya Krismasi! Kimya. Nikakohoa, nikatangaza. Sanduku likalia, nikatangaza.

Halafu nikasikia.

Hhhhhh.

Nawaambia ukweli, mara ya kwanza nilifurahi. Nilifurahi kabisa! Mara ya pili ilikuwa karibu zaidi. Mara ya tatu ilikuwa juu ya kichwa changu, na walikuwa wawili. Nikabonyeza simu kuizima, nikaitia mfukoni. Yaliyofuata ni siri yangu, nilidhani. Kwa ufupi, nilitoka.

Nilisimama nyuma ya bweni hadi moyo uliporudi mahali pake. Ndipo furaha ikanirudia pia, tena mara mbili. Nilikuwa nimeirekodi! Sauti halisi, iliyonaswa kwa utaratibu! Nikatembea hadi paredi kwa hatua za mtu mzito.

"Mwalimu, mbona una unga mgongoni?" Makena akauliza.

"Nilikuwa naunyunyiza."

"Na mgongo?"

Nikajifanya sijasikia. Nikaunganisha simu na spika ya paredi, nikawaambia wasikilize kama wanasayansi, bila kupiga kelele. Wasichana wote wakasogea karibu. Hata wapishi walitoka jikoni.

Sauti yangu ikaanza, nzito na tulivu: "Hiyo ni mimi, nimekohoa." Kimya. "Hiyo ni sanduku, nimesogea." Madam Kananu akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha, Hhhhhh! Wasichana wakashikana mikono. Kisha sauti yangu tena, imepanda kidogo: "Hiyo si mimi." Hhhhhh! "Hiyo pia si mimi." Halafu kitu kikigongana haraka haraka, tak-tak-tak-tak, na mimi nikisema: "Hayo ni meno yangu."

Mtu akacheka mstari wa nyuma. Nikanyoosha mkono kwenye simu. "Basi, hapo ndipo nilipozima."

"Ngoja, mwalimu," akasema Madam. "Bado inaendelea."

Ilikuwa inaendelea! Sikuwa nimezima chochote. Mfukoni mwangu simu ilikuwa imerekodi kila kitu, na sasa spika ikakitoa kwa nguvu zake zote. Masanduku yakianguka. Mimi nikimwita mama yangu, kwa Kimeru, kama mtoto aliyepotea sokoni. Halafu, kwa Kiswahili safi, ili mzimu usikose kuelewa:

"Mimi sina kosa! Mimi ni wa hesabu tu! Deputi ndiye amenituma! Anakaa nyumba ya pili, mlango wa kijani!"

Jamani.

Nilimwangalia Madam Kananu. Madam Kananu aliniangalia. Paredi yote ikalipuka kwa kicheko. Wasichana walianguka chini wakijishika mbavu. Mpishi mmoja alijifuta machozi kwa aproni.

Kisha likaja lile ambalo sikulitarajia. Wote wakakimbilia chumba cha masanduku! Wale wale ambao wiki nzima hawakutaka hata kupita karibu. Walitaka kuona unga. Na unga haudanganyi: nyayo za kuingia zilikuwa za hatua fupi, zimepangana vizuri. Za kutoka zilikuwa mbili tu, na katikati yake Madam Kananu angeweza kulala akanyoosha miguu. Uzi ulikuwa umekatika. Karibu na mlango palikuwa na umbo la mgongo wangu.

Hhhhhh, ikasema dari.

Madam akamulika tochi kwenye tundu la dari. Nyuso tatu nyeupe zikatuangalia. Makinda ya bundi!

"Bundi?" akasema msichana mmoja. "Si hiyo ni mbaya zaidi?"

Nikavuta pumzi nianze kueleza kwamba makinda ya bundi hukoroma hivyo yakiwa na njaa, kwamba bundi hula panya wanaomaliza ngano yetu, kwamba hana habari na kifo cha mtu. Hakuna aliyenisikiliza. Makena alikuwa ameinua kichwa, ameyakazia macho yale makinda.

"Hawa watoto wadogo ndio walifanya mwalimu aite mamake?"

Nimekaa sasa nyumbani na chai yangu. Magodoro yote yamerudi bwenini kabla ya giza kuingia. Makinda yameachwa darini hadi yatakapoota manyoya ya kutosha kuruka, na wasichana wameshayapa majina. Wazazi wamepigiwa simu wasije. Ninachosikia huku ni kicheko tu, kinazima, kinaanza tena, na najua kinamhusu nani.

Somo nililolipata ni hili, walimu wenzangu: ukitaka kuwatoa watoto hofu, usijisumbue kuwaeleza. Ogopa wewe kuliko wao.